Ndege hakuna, ng'ombe keshauzwa!

Leo tuweke mapenzi kando, nikupashe ya jirani yangu hapa Majengo, Dodoma.

Binti huyu, mwenyeji wa Kondoa, mwanzoni mwa 2020 alikuwa mbioni kwenda Oman kufanya kazi za ndani. Baba yake aliuza ng'ombe wawili mnadani, pesa akakabidhiwa dalali. Pasipoti ikatoka, begi likanunuliwa, mashoga wakaagwa. Safari ilikuwa Aprili.

Basi bwana, korona ikaingia! Machi 29 Oman ikasimamisha ndege za abiria, na Aprili sisi nasi tukazuia za kimataifa. Simu ya dalali ikawa haipatikani. Binti kaula wa chuya!

Mei 18 tulipofungua anga letu, akaanza kuchekelea. Kumbe mlango una pande mbili. Oman ilifungua viwanja vyake Oktoba 1. Februari 2021 ikapiga marufuku wasafiri kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo. Iliporuhusu tena, Septemba 2021, ikataka cheti cha chanjo, na huku kwetu chanjo ilizinduliwa Julai 28 mwaka huohuo.

Kilichoniuma zaidi ni binamu yake aliyekuwa tayari Muscat. Yeye alitaka kurudi! Mkataba umekwisha, ndege hamna. Familia nzima ya bosi ipo nyumbani, watoto hawaendi shule, kazi ikawa alfajiri hadi usiku wa manane. Na kwa utaratibu wa kafala, viza yako imefungwa kwa bosi. Ukiondoka bila idhini yake unahesabiwa mtoro. Mmoja analilia kuingia, mwingine kutoka.

Watu wanailaumu korona. Mimi nasema gonjwa lilifunga mlango tu; aliyekula ng'ombe ni binadamu. Dada zangu, msiuze mifugo kabla ya kuona mkataba wa maandishi. Ulizeni ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira kama huyo anayewapeleka amesajiliwa. Daini risiti, iandikwe kwamba safari ikifa pesa inarudi.

Jirani yangu sasa anauza zabibu. Juzi nilimuuliza kama bado anaota Uarabuni. Akacheka.

"Kaka, mmoja nimeshamrudishia mzee. Bado ng'ombe mmoja."

Tukutane wiki ijayo!