Anayelia Ana Pumzi

Tuchukue jioni moja ya mfano, saa moja hivi, kwenye mlango wa idara ya dharura ya hospitali mjini Mpanda, mkoani Katavi. Wagonjwa wanne tutakaowakuta hapo nimewatunga, lakini muuguzi yeyote aliyewahi kushika zamu ya usiku atawatambua.

Dereva wa bodaboda anashushwa kutoka kwenye bajaji. Mguu umepinda chini ya goti, na anapiga kelele hadi wodini wanamsikia. Nyuma yake anaingia mama kutoka Katumba, mtoto wa miaka miwili mgongoni. Mtoto ametulia tuli, kichwa kimelalia upande. Kwenye benchi kuna binti wa miaka 17 mwenye mimba ya miezi minane, ameshika paji la uso. Kichwa kinamuuma tangu asubuhi. Pembeni yake amekaa kijana wa machimbo ya dhahabu, kidole kimekatwa na amekifunga kitambaa. Huyu ndiye aliyewahi kuliko wote, na ndugu yake hataki watu walisahau hilo.

"Sista, sisi tupo hapa tangu saa kumi na mbili!"

"Najua, kaka. Kidole nimekiona, damu imekata. Naomba mnivumilie."

Muuguzi anampita kijana, anampita dereva anayepiga kelele, anakwenda kwa yule mama na kumsaidia kufungua kitenge. Benchi zima linaguna. Ndugu wengi hutoka hospitalini wakiamini walirukwa kwa dharau au kwa kujuana, kumbe walichokiona ndiyo kazi yenyewe ya muuguzi wa dharura: kumtafuta asiyeweza kusubiri.

Idara hizi bado ni changa nchini. Ya kwanza iliyokamilika katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010. Mikoani zimeongezeka zaidi baada ya 2021, pale sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ilipoelekezwa kwenye majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Majengo hayo ya dharura wengi huyaita EMD, kwa kifupi cha jina la Kiingereza. Kabla ya hapo mgonjwa mahututi alipita mapokezi kama wengine, akakata kadi, akapanga foleni.

Anayesimama mlangoni ni muuguzi msajiliwa, yaani mwenye stashahada au shahada ya uuguzi, aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2010 na kupewa leseni. Anatofautishwa na muuguzi mwandikishwa, ambaye mafunzo yake ni ya ngazi ya cheti. Leseni hiyo ina uzito wake: uamuzi anaoufanya mlangoni ni wake, na akikosea ataulizwa yeye.

Akina mama wa bonde la Mpimbwe, kwenye mpunga mwingi, wanaijua kazi hii kwa sura nyingine. Mchele ukiwa kwenye ungo, macho hayahangaiki na punje nzuri, yanawinda jiwe. Muuguzi naye hupitisha macho kwenye benchi akiwinda hatari. Akishaiona humpa kila mgonjwa rangi. Nyekundu ni wa kuhudumiwa sasa hivi, njano anaweza kusubiri kidogo huku akiangaliwa, kijani anaweza kusubiri zaidi. Zipo hospitali zinazoongeza rangi ya chungwa kati ya nyekundu na njano. Saa ya kufika haimo kwenye hesabu, na kelele hazimo. Anayelia kwa nguvu ameshamjibu muuguzi swali la kwanza: njia yake ya hewa iko wazi, na pumzi anayo.

Mtoto wa Katumba hakulijibu swali hilo, ndiyo maana amepewa nyekundu. Muuguzi anamlaza, anamvua shati na kutazama kifua. Kila anapovuta hewa, nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, na anapata 58. Kwa mtoto wa umri huo, 40 na kuendelea ni haraka kupita kiasi. Kifaa cha kubana kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 88, naye anafungua mtungi. Anabonyeza ukucha hadi uwe mweupe, anaachia, anahesabu. Damu inarudi baada ya sekunde 4, wakati ilipaswa kurudi kabla ya 3. Anafunua viganja: vyeupe kama karatasi. Anamuuliza mama jina la mtoto, anamwita mtoto mwenyewe, hajibu; anashtuka tu akifinywa.

Kisha tone moja la damu linafanya kazi mbili: kipimo cha haraka cha malaria, na sukari. Malaria ipo, na sukari ni 1.9. Kwa mtoto, chini ya 2.5 ni hatari, kwa sababu ubongo usiopata sukari huanza kufa. Daktari ameshaitwa, lakini mikono ya muuguzi haijasimama. Mtoto amewekwa kwenye mizani, ana kilo 11. Uzito huo ndio unaoendesha hesabu zote: maji ya sukari ya asilimia 10 ni mililita 5 kwa kilo, jumla 55; artesuneti kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, jumla 33, irudiwe baada ya saa 12 na saa 24. Daktari anaandika, muuguzi anasoma kwa sauti, anahakiki jina, dawa, kiasi, njia na saa, ndipo anachoma. Akiona kiasi kilichoandikwa hakilingani na uzito, ana wajibu wa kuuliza kabla ya kuchoma, hata kama aliyeandika ni bingwa.

Utaratibu huu wa watoto umeshapimwa kwa jirani zetu. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, walipoanza kuwachambua watoto mlangoni na kuwahudumia papo hapo walio hatarini, vifo vya waliolazwa vilipungua kwa takribani nusu. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupanga upya nani aanze.

Dripu ikishaanza kutiririka, muuguzi anarudi kwa binti. Katavi ina sababu ya kumwogopea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Mimba ya kwanza katika umri mdogo ni mlango mmojawapo wa kifafa cha mimba. Binti anasema kichwa kinauma na macho yanaona nyota. Presha ni 170 kwa 115. Hajaanguka, hajatoka damu, amekaa kimya kwa adabu. Naye anapata nyekundu.

Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na hapa muuguzi anabeba mzigo ambao ndugu hawauoni. Dawa hii huzuia degedege, lakini ikizidi mwilini huzima pumzi. Kwa hiyo kila baada ya saa 4, kabla ya sindano nyingine, anafanya mambo matatu. Anagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira kuona kama mguu unaruka. Anahesabu pumzi, ambazo zisipungue 16 kwa dakika. Anasoma mfuko wa mpira wa mkojo, ambao uwe umepokea angalau mililita 30 kwa kila saa. Kimoja kikikosekana, sindano hairudiwi, na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, inayovunja nguvu ya dawa hiyo, inakaa karibu na kitanda muda wote.

Vitu kama hivyo havitafutwi mgonjwa akiwa anakata roho. Mwanzoni mwa zamu muuguzi hufungua toroli la dharura na kulikagua droo kwa droo: adrenalini ipo na haijapitwa na muda, mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa haujatoboka, mashine ya kunyonya makohozi inavuta, mtungi wa oksijeni una kiasi gani. Kisha anasaini.

Mtungi unahitaji hesabu zaidi mgonjwa anapopewa rufaa. Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni takribani kilomita 240, na hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya 500. Mtungi mdogo wa lita 680, ukitoa lita 5 kwa dakika, unakwisha ndani ya saa 2 na dakika 16. Muuguzi anayemsindikiza mgonjwa kwenye gari la wagonjwa asiyeifanya hesabu hiyo kabla ya kuondoka, ataifanyia porini. Kwa wajawazito na watoto wachanga upo pia mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115 bure, na pasipo na gari la wagonjwa huitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa. Kwa anayetoka Karema, ziwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda, namba hiyo ndiyo safari yenyewe.

Karema inaleta swali jingine la mlangoni. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Mvuvi akija na homa kali na anatokwa damu, muuguzi anamtenga kwanza, anavaa glavu, gauni na barakoa, ndipo anamuuliza amelala wapi katika siku 21 zilizopita. Virusi vya Marburg vilipoibuka Kagera Machi 2023, wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Na dereva wa bodaboda? Alipewa njano. Mguu ulinyooshwa na kufungwa banzi, akachomwa dawa ya maumivu, akawekewa kanula. Ndugu walikuwa na wasiwasi kwa kuwa hawana PF3 ya polisi. Waliambiwa fomu inafuatwa mgonjwa akiendelea kuhudumiwa. Mapigo ya moyo yalikuwa 92.

Lakini rangi haipewi mara moja ikaisha. Wa njano hurudiwa, na muuguzi aliporudi baada ya nusu saa alikuta benchi limepoa. Dereva hapigi tena kelele. Ndugu zake walifurahi: dawa imemwingia, amepata usingizi. Muuguzi hakufurahi. Alimshika mkono, akakuta ni wa baridi na una jasho. Mapigo 128. Akabonyeza tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, na dereva akakunja uso bila kutoa sauti. Usukani ulikuwa umempiga hapo. Wengu ukipasuka huvujia damu ndani, pole pole, wakati macho ya wote yapo kwenye mguu. Njano ikawa nyekundu. Dripu ya pili ikafunguliwa, damu ikaombwa maabara, daktari wa upasuaji akapigiwa simu.

Hapo ndipo ndugu wa mgonjwa anapoweza kuwa msaidizi wa kweli. Ukifika, sema tatizo limeanza saa ngapi. Taja kila dawa aliyokunywa, ya duka na ya kienyeji. Hakuna atakayekukaripia, lakini kuificha kunaweza kumuua. Akiwa ameumwa na nyoka usimfunge kamba wala kumchanja, mtulize na umlete. Asiye na fahamu usimnyweshe uji.

Ukishaketi kwenye benchi, kumbuka muuguzi ana wagonjwa wengi na macho mawili, wewe una mgonjwa mmoja. Akilia, mfariji. Akinyamaza ghafla, usishukuru kwanza. Inuka ukamwite nesi.