Risasi ya Mlimani Huchaguliwa kwa Kasi Yake ya Mwisho

Wiki chache kabla ya msimu wa uwindaji, duka ninalofanyia kazi mjini Gunnison, jimbo la Colorado, Marekani, hujaa wateja, na wengi huja na swali moja: "Ipi inafika mbali?" Juzi aliniuliza hivyo Mkenya mmoja anayeishi Denver. Amebahatika kupata kibali cha kondoo-mwitu wa pembe kubwa, na vibali hivyo hutolewa kwa bahati nasibu. Wapo wanaosubiri miaka na miaka. Nikamwambia, "Kaka, zote zinafika mbali. Niulize ikishafika inafanya nini."

Risasi ya kuwindia hutengenezwa ili ncha ya kichwa chake (sehemu inayoruka) itanuke inapoingia mwilini. Ikitanuka vizuri, kipenyo chake hufika karibu mara mbili, inafungua njia pana kwenye mapafu na mnyama anaanguka upesi. Lakini haitanuki kama imefika imechoka. Vichwa vingi vya madini ya risasi vilivyovikwa shaba huhitaji kasi ya kama mita 550 kwa sekunde vinapogonga. Vya shaba tupu ni vigumu zaidi, na mimi huvihesabia mita 600. Chini ya hapo kichwa hupita kama msumari. Kondoo anaondoka na tundu jembamba, anavuka ukingo wa jabali, anakufa taratibu mahali ambapo hakuna binadamu atakayemfikia. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii, na ndiyo maana sipendi mtu achague risasi kwa jina la kaliba au kwa ukubwa wa ganda lake.

Chukua mbili zinazouzika sana hapa. .270 Winchester ya mwaka 1925, yenye kichwa cha greni 130 (greni 15 ni karibu gramu moja), hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 933 kwa sekunde hivi. 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, hurusha kichwa cha greni 143 kwa mita 823. Mwanzoni ile ya kwanza inaongoza kwa mbali. Lakini kichwa cha pili ni kirefu na chembamba, kinapasua hewa bila kupoteza kasi nyingi, hivyo zikikaribia mita 500 tofauti yote karibu imekwisha. Upepo nao haukisukumi sana kama mwenzake. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao usoni unauhisi kama upepo wa kawaida tu, unaweza kuihamisha ile ya .270 karibu sentimita 30 katika mita 400. Eneo la moyo na mapafu ya kondoo lina upana wa kama sentimita 25. Na mlimani upepo wa upande wako si lazima uwe upepo wa ng'ambo ya bonde.

Wateja wanaotoka Texas huja na jedwali la mwendo wa risasi walilolipima karibu na usawa wa bahari. Kondoo wanakaa kwenye mita 3,500, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 30, kwa hiyo risasi hutunza kasi na hupiga juu ya pale jedwali linaposema. Mteremko pia hubadilisha hesabu: mnyama aliye mita 400 kwa pembe ya nyuzi 30 hulengwa kana kwamba yuko mita 346, kwa sababu mvutano wa dunia huhesabiwa kwa umbali wa mlalo.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni kichwa laini kupita kiasi. Mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, mwindaji John Nosler alimpiga risasi mnyama mkubwa aitwaye moose, na vichwa vya risasi zake vikavunjika kabla ya kupenya. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inatanuka, ya nyuma inaendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948, na mpaka leo nakiuza.

Hata hivyo, mwenyewe nimehamia shaba tupu. Madini ya risasi humeguka vipande vidogo mno vinavyotawanyika kwenye nyama na kwenye matumbo yanayoachwa porini, na tai wakila wanapata sumu. California imepiga marufuku madini hayo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, hasa kwa ajili ya ndege waitwao kondori. Colorado sheria yake haijagusa hilo. Inataka kipenyo kisichopungua milimita 6, kichwa kinachotanuka, na kwa wapiti (elk) uzito usiopungua greni 85. Mimi nyama ninayoibeba mgongoni wanaila wanangu. Shaba inanipunguzia umbali, na nimekubali.

Yule Mkenya alichukua .270 ya shaba. Nilimwonyesha namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko cha sanduku, tukatafuta masanduku yenye namba ileile, maana toleo jingine la kiwanda hichohicho linaweza kupiga mahali tofauti. Akaniambia kwamba kwenye benchi la uwanja wa shabaha anapiga mita 600 bila shida. Nikamwomba aliache benchi: alalie begi juu ya jiwe, apige risasi moja asubuhi mtutu ukiwa baridi, afunge, arudi kesho yake na karatasi ileile. Umbali ambao matundu yote yanabaki ndani ya sentimita 25 ndio wake, hata kama ni mita 280. Masanduku matatu yanatosha kuujua umbali huo na kubakiza sanduku moja la kwenda nalo mlimani.