Suus na Eius: Mzigo wa Mfasiri wa Kiswahili

Sentensi "Marcus anamwita mtumwa wake" ina utata katika Kiswahili: mtumwa huyo aweza kuwa wa Marcus, au wa mtu mwingine aliyekwisha kutajwa. Kilatini huzitenga maana hizo. "Marcus servum suum vocat" humhusu mtumwa wa Marcus. "Marcus servum eius vocat" humhusu mtumwa wa mtu mwingine. Suus, basi, ni kimilikishi kinachorejelea kiima.

Suus ni kivumishi, nacho hupatana na kinachomilikiwa kwa jinsi, idadi na uhusika: librum suum, libros suos, domum suam. Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni hapa, kwani kitabu chake, vitabu vyake na nyumba yake hufuata kanuni iyo hiyo ya upatanisho. Ugeni uko kwa eius, umbo milikishi la kiwakilishi is, ambalo halibadiliki kamwe kwa kufuata kinachomilikiwa. Aidha, suus haionyeshi idadi ya wamiliki. Pale Kiswahili kinapotofautisha -ake na -ao, neno hilo moja hutosha.

Isidhaniwe kwamba suus huondoa utata wote. Katika "Marcus Titum rogat ut servum suum vocet", mtumwa aweza kuwa wa Titus, kiima cha kishazi tegemezi, au wa Marcus, kiima cha kishazi kikuu. Huamua muktadha.

Kuandika "wake mwenyewe" kila ionekanapo suus hakufai. Mwenyewe hutia msisitizo ambao suus, kwa kawaida, haina, ilhali -ake peke yake aghalabu humwelekeza msomaji kwa kiima. Kinachodai nyongeza ni eius: "mtumwa wa Titus", au "mtumwa wa mtu yule".

Katika sheria ya urithi ya Kirumi, hata hivyo, -ake haitoshi. Suus heres, istilahi ya tangu Majedwali Kumi na Mawili (yapata 450 KK), alikuwa mtu aliyekuwa chini ya mamlaka ya marehemu na kuwa huru kwa kifo hicho. Binti aliyebaki katika mamlaka ya baba alihesabiwa. Mwana aliyekwisha kutolewa katika mamlaka hayo, ingawa ni wa damu, hakuhesabiwa. Baba akifa bila wosia, alikosa urithi, hadi mahakimu waitwao praetor walipolegeza kanuni hiyo. "Mrithi wake" humwingiza mwana huyo, suus humtoa. Tafsiri iliyo salama zaidi, japo ndefu, ni "mrithi aliyekuwa chini ya mamlaka ya marehemu".