Kabla Hujatuma Dipoziti ya Nyumba Mamboleo

Umeipenda nyumba, iko karibu na barabara ya Kakamega, na muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja kuiona jioni. "Tuma kitu kidogo nikushikie." Simu tayari iko mkononi.

Ngoja kidogo. Meseji ya malipo inathibitisha kwamba pesa zimetoka kwako zikafika kwa fulani. Haisemi unanunua nini, wala utarudishiwa lini ukijiondoa. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba. Haiamui ugomvi wa mnunuzi na muuzaji. Mkataba wa ardhi Kenya lazima uandikwe, utiwe saini na ushuhudiwe.

Mamboleo ni mahali ambapo mji unakutana na shamba. Ukielekea Kajulu au Miwani, unaweza kupata nyumba safi, tiles mpaka nje, ilhali kwenye karatasi ardhi bado ni ya kilimo. Chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, ujenzi unahitaji kibali cha kaunti. Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au yote mawili. Utasema hiyo ni shida ya aliyejenga. Lakini notisi ya kaunti inaweza kuja kwa mwenye nyumba au anayeishi ndani, na wakati huo ni wewe.

Search ya ardhi inaonyesha jina la mwenye hati na kama kuna mkopo. Haikuambii kama nyumba iliyo juu yake ina kibali, na hapo ndipo wengi huteleza. Peleka namba ya ploti kwa ofisi ya mipango ya kaunti, uulize ardhi imetengewa matumizi gani na kama michoro ya nyumba iliidhinishwa. Mwombe muuzaji michoro yenye mhuri. Kama michoro ina vyumba viwili na wewe umesimama kwenye ghorofa, una jibu lako. Ukiwa kando ya barabara kuu, lipa mpima ardhi akuonyeshe mahali hifadhi ya barabara inaishia.

Kujiondoa ni rahisi kama mkataba ulikuachia mlango. Mwambie wakili aandike kwamba ununuzi unategemea vibali kuonyeshwa kufikia tarehe fulani, la sivyo dipoziti, ambayo kawaida ni asilimia 10, irudi yote. Bila kipengele hicho, muuzaji anaweza kudai wewe ndiye umevunja mkataba na abaki nayo. Tungependelea wakili aishike mpaka mauzo yakamilike.

Na kama ardhi ni ya kilimo na iko chini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, idhini iombwe ndani ya miezi 6. Isipopatikana, mauzo ni batili na sheria inakuruhusu kudai ulicholipa kama deni. Hapo meseji zako zina kazi. Kwa kuwa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, huenda dipoziti ikaenda kwa vipande: kila namba ya muamala iandikwe kwenye mkataba, jina la mpokeaji lilingane na lililo kwenye mkataba huo, na uchukue taarifa ya akaunti siku hiyo hiyo, kabla simu haijapotea.