Ndege Ndogo Zipitazo Chini ya Jicho la Rada

Mkulima wa pamba wa Shishiyu, wilayani Maswa, huitambua ndege kwa mlio kabla hajainua macho. Ile kubwa hupita juu sana na kuacha mstari mweupe angani. Ile ndogo yenye injini moja hupita chini, na watoto huweza kuipungia mikono. Kwa mwongoza ndege aliyeketi mbele ya kioo cha rada mjini Mwanza mambo yamegeuka: ile ya juu anaiona vizuri, ile ya chini mara nyingi haioni.

Si uzembe wa mtu. Mawimbi ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka, nayo dunia ni mviringo. Ukiacha kimo cha mnara wenyewe, ndege iliyo mita 300 juu ya ardhi tambarare huzama chini ya upeo wa rada ikishafika kilomita 70 hivi. Kutoka Mwanza hadi Bariadi kwa mstari wa angani ni kilomita 120 na ushei, na Seronera, katikati ya Serengeti, iko mbali zaidi ya 200.

Tanzania imelipia rada kwa uchungu. Ile iliyonunuliwa kwa BAE Systems ya Uingereza miaka ya mwanzo ya 2000, kwa pauni milioni 28, iligeuka kashfa iliyofika mahakamani London, na kampuni ikaishia kulipa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye elimu ya watoto wa Tanzania. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ilifunga rada nne mpya za kiraia, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 67. Hatua hiyo ilistahili pongezi, na bado inastahili. Lakini faida yake kubwa iko juu, zinakopita ndege za masafa marefu. Desturi ya dunia ni kutoza ada ya kuongoza ndege kwa kuangalia uzito wa ndege na umbali inaosafiri, hivyo dege la abiria 300 lipitalo bila kutua huleta fedha ambazo ndege ndogo aina ya Cessna Caravan haiwezi kuleta.

Na anga ya chini, kuanzia Simiyu hadi Mara na Arusha, ni ya Caravan. Hubeba watalii 12 hivi pamoja na mabegi laini, maana masanduku magumu hayaingii. Hutua Seronera, Kogatende, Ndutu na kwenye viwanja vingine vya changarawe ambako kazi ya kwanza ya rubani, kabla ya kutua, ni kuhakikisha hakuna nyumbu njiani. Wamo pia askari wa wanyamapori wanaofanya doria, kampuni za uwindaji za Pori la Akiba Maswa, na madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, ambao huitwa mgonjwa asipoweza kungoja barabara. Alfajiri huongezeka maputo ya watalii, ambayo hayana usukani wa kukwepa chochote.

Viwanja vingi vya mbugani havina mnara wa kuongozea ndege. Rubani hutangaza redioni yuko wapi, kimo gani na anaelekea wapi, halafu hutega sikio kama kuna mwenzake karibu. Redio nazo zina ugonjwa uleule wa rada: ukiwa chini, nyuma ya kilima, kituo hakikusikii. Utaratibu huu hufanya kazi kwa sababu marubani hawa ni mahiri na wanajuana kwa sauti. Katika miezi ya utalii mwingi, mzigo huo ni mkubwa mno kuwaachia peke yao.

Yanayoweza kutokea yameshaonekana. Machi 5, 2024, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ya abiria ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 iligongana na Cessna ya mafunzo muda mfupi baada ya kuondoka Uwanja wa Wilson. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walifariki. Hapo ni penye mnara! Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 wakapoteza maisha. Na Januari 2016, ndani ya Pori la Akiba Maswa, majangili waliifyatulia risasi helikopta ya doria. Rubani wake Mwingereza alifariki kabla msaada haujamfikia. Kwenye pori kama lile, kujua ndege ilipo kwa dakika ile ndiko kunakoamua waokoaji waelekee wapi.

Kibiashara, hasara ya kila siku ni saa. Viwanja vya changarawe havina taa, kwa hiyo safari lazima ikamilike kabla ya jua kuzama. Ndege iliyocheleweshwa saa mbili Mwanza au Kilimanjaro ikipisha ndege kubwa inaweza kupoteza safari nzima. Wageni hulala mjini, na kambi hubaki na chakula na vitanda visivyo na mtu.

Teknolojia ya kuziba pengo ipo, na haihitaji mabilioni ya rada. Kifaa ndani ya ndege huchukua mahali ilipo kutoka kwenye satelaiti na kupatangaza kwa kila aliye karibu, angani na ardhini. Marekani imekifanya cha lazima katika sehemu kubwa ya anga yake inayoongozwa tangu Januari 1, 2020. Kituo cha kupokea ni antena ndogo inayoweza kufungwa hata juu ya mnara wa simu. Ukiongeza redio ya kurushia mawasiliano kwenye kilima kimojawapo cha Simiyu, na mtambo mdogo wa hali ya hewa kando ya kila kiwanja chenye shughuli, rubani atajua kabla hajaondoka kama kuna mvua Kogatende.

Swali linalobaki mezani ni nani alipe. Wenye ndege ndogo hulalamika kwamba ada na vibali vimeshawaelemea, na kifaa kipya ni gharama nyingine. Hoja yao ina uzito. Lakini abiria wa Caravan ndiye huyohuyo anayelipa kiingilio cha hifadhi, kodi ya kitanda na mshahara wa mpishi wa kambi. Sehemu ya ada zinazokusanywa kule juu, kwenye mistari myeupe, ingeweza kuteremshwa hadi kimo cha ndege ambayo watoto wa Shishiyu huipungia mikono.