Je, Wajua? Yasiyopigwa Picha Huweza Kuchorwa

Sekunde moja ya filamu ya vibonzo ikichorwa kwa mkono, kwa kawaida hula michoro 12, na kila mmoja hupigwa picha mara mbili. Dakika moja basi ni michoro 720. Si kazi ya mwenye haraka.

Kwa nini mtu ajisumbue, na simu ipo? Kwa sababu siku ya tukio kamera haikuwapo. Mwaka 1918 Mmarekani Winsor McCay alichora kuzama kwa meli ya Lusitania, tukio la 1915 ambalo halikunaswa na filamu yoyote. Naye Mkenya Ng'endo Mukii, katika *Yellow Fever* (2012), alichanganya michoro na mahojiano ya jamaa zake kusimulia habari ya kujichubua ngozi.

Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, ufundi huu una kazi nyingi. Mafuriko yakiingia nyumbani, albamu ya picha huwa ya kwanza kuharibika. Lakini bibi bado anaeleza jinsi mpunga wa kijiji cha Ozi ulivyotegemea maji kujaa na kupwa, na nani alihamia kutoka wapi. Hata shujaa wa Waswahili Fumo Liyongo, ambaye mapokeo humzika pande hizo, hana picha. Tunaye kwa masimulizi na kwa utendi alioandika Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913.

Anayeanza hurekodi sauti kwanza, kisha huchora kwa kufuata urefu wa maneno. Penseli, karatasi, kioo cha dirisha cha kunakilia na simu iliyofungwa isitikisike vyatosha.