Asili ya Neno "Coffee" na Buni za Karagwe

Neno "coffee" ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayotamkwa kila siku duniani, ingawa asili yake si Uingereza. Etimolojia, yaani taaluma inayochunguza chimbuko la maneno na mabadiliko yake, hulirejesha kwenye neno la Kiarabu qahwa, ambalo kabla ya kuhusishwa na kinywaji hiki lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Wanakamusi wa Kiarabu walilinasibisha neno hilo na hali ya kukosa hamu ya chakula, na katika karne ya 15 Masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wasisinzie katika ibada za usiku.

Kutoka Uarabuni neno liliingia katika Kituruki likawa kahve, kwa kuwa lugha hiyo iliibadilisha sauti w kuwa v, kisha likapita kwa Waitaliano walioliita caffè na Waholanzi walioliita koffie, hadi likafika katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16. Kiswahili hakikupitia njia hiyo ndefu, bali kilichukua neno kutoka kwa Waarabu wenyewe, kikapachika irabu kati ya h na w ili silabi zitamkike kwa urahisi, kikapata kahawa. Na kwa kuongeza kiambishi m- kikaunda mkahawa, mahali panapouzwa kahawa. Punje na mti navyo vikapewa majina ya buni na mbuni, kutokana na neno bunn la Kiarabu.

Hata hivyo, historia ya neno si historia ya mmea. Katika nchi iliyo magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambamo zimo wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, aina ya kahawa iitwayo robusta ni mmea wa asili, na Wahaya waliuita akamwani kama vile Waganda walivyouita emmwanyi, majina ambayo hayana undugu na qahwa. Hapo zamani buni haikukaangwa wala kusagwa: matunda yalichumwa yakiwa mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa juani na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa buni hizo, na watu wawili waliofunga udugu wa kuchanjiana damu waligawana punje mbili za tunda moja.

Nguvu ya buni hiyo inatokana na kafeini, kemikali inayoondoa usingizi, ambayo mwanakemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga mwaka 1819 na ambayo jina lake limezaliwa na jina la kinywaji. Robusta ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika, aina nyingine ya kahawa. Mwanabotania Carl Linnaeus aliipa arabika jina hilo la kisayansi mwaka 1753, akidhani kwamba nyumbani kwake ni Uarabuni, ilhali asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na maeneo jirani. Uchunguzi wa jenetiki umebainisha zaidi kwamba arabika ni chotara wa spishi mbili, mojawapo ikiwa ni robusta yenyewe, na ndiyo maana ina kromosomu 44 ilhali robusta ina 22.

Leo mkulima wa Songambele, wilayani Kyerwa, anapoanika mavuno yake na kuyauza kama kahawa ya maganda, yaani matunda yaliyokaushwa bila kukobolewa, hutumia jina lililotoka ng'ambo kwa zao ambalo mababu wa eneo hilo walikuwa na jina lao. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba kahawa ni tafsiri ya "coffee": maneno hayo mawili ni ndugu waliotoka katika Kiarabu kwa njia mbalimbali, na lile la Kiswahili ndilo lililobaki karibu zaidi na chanzo.